Sisi tunaochangia kijiji tukiwa mbali, tuna sauti nyumbani au hatuna?

Mfongo_wa_Juu:

Habari zenu wana Kilimanjaro na Arusha, wakubwa shikamooni. Naomba tuongee hili kwa utulivu maana limenikaa moyoni toka Desemba na naona linaelekea kutugawa ndugu kwa ndugu.

Mimi ni mzaliwa wa Moshi vijijini, kule juu karibu na msitu, kijiji sitakitaja. Niko Dar mwaka wa 19 sasa, nauza vipuri. Tuna grupu letu la wazawa tulioko nje ya kijiji, tupo kama 140, wengi Dar, wengine Mwanza na Dodoma na wachache wako Ulaya na Marekani. Toka 2014 tunachanga kila mwezi. Tumejenga madarasa mawili, vyoo vya wasichana, tumechonga barabara kutoka kwenye lami mpaka kanisani, na kubwa kuliko yote ni mradi wa maji ya mserereko, chanzo kiko juu huko, mabomba tumelaza wenyewe, tenki moja kubwa na vituo 11 vya kuchotea. Hela iliyotoka kwenye mifuko ya watu mimi ndio mweka hazina naijua mpaka shilingi ya mwisho, risiti zote ninazo kwenye boksi chini ya kitanda.

Sasa Desemba nimefika nyumbani usiku, asubuhi naamka nakuta mama yangu wa miaka 74 ameinama kwenye mfongo, ule mfereji wetu wa asili, anachota maji na kikopo cha siagi anajaza ndoo. Namuuliza mama mbona bomba lipo hapo mita 60, ananiambia baba lina kufuli wiki ya sita sasa. Nikaenda kuangalia, kweli, koki imefungwa mnyororo na kufuli limeanza kushika kutu, na chini ya bomba pameota majani. Sikuweza kula siku ile.

Tarehe 28 ukaitishwa mkutano wa kijiji, nikasimama nikauliza nani kafunga maji yetu. Nikaambiwa mbele ya watu wote, wewe sio mkazi, mkazi ni anayelala hapa, kaa chini wenye kijiji waongee. Nilikaa. Mbele ya watoto wangu.

Grupu limewaka moto toka siku hiyo. Wengine wanasema tusitishe kila mchango mpaka tupewe viti vitano kwenye halmashauri ya kijiji. Wengine wanaenda mbali zaidi, wanasema Kilimanjaro ilishawahi kujiendesha yenyewe na ikaendelea, tudai turudishiwe mkoa wetu tuuendeshe kwa hela zetu. Mimi niko katikati sijui nishike lipi, ila naumia. Hivi mtu anayetoa hela mwaka hadi mwaka kweli hana neno kwenye mambo ya kwao? Naombeni mawazo, hasa nyie mnaoishi huko.

Mama_wa_Migombani:

Pole sana kaka yangu na pole kwa mama, kumuona mzazi ameinama kwenye mfongo inauma. Ila umeomba wanaoishi huku waseme basi ntasema.

Mimi nimeolewa huku mlimani mwaka wa 26 sasa. Nyie mnakuja tarehe 22 mnaondoka tarehe 2. Siku zinazobaki ni zetu. Mvua ya masika ikibomoa mfongo ni sisi tunaotoka na majembe, msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, ukipigwa nakwenda mimi na mwanangu wa kidato cha pili maana kila boma linatakiwa kutoa mtu, na kwenye boma ambazo wenyewe wako Dar hakuna anayetoka, pana nyumba ya vyumba sita, geti jeusi na kijana mmoja mlinzi ambaye anasema yeye kaajiriwa kulinda, hakuajiriwa kulima mfongo. Ugomvi wa mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, tunausuluhisha sisi. Mzee akiugua usiku tunambeba sisi kwenye machela mpaka barabarani ndio tunakupigia wewe simu utume hela, na hela unatuma, sikatai, Mungu awabariki.

Lakini nikuulize kwa upendo. Hivyo vituo 11 aliamua nani vikae wapi? Kwetu huku pia kuna mradi wa watu wa mjini na ukitembea na bomba utaona limepita kwenye mageti ya waliochanga. Kitongoji cha chini kabisa ambako kuna wajane wengi na hakuna mtoto aliyeko Dar mwenye uwezo, hawana hata kituo kimoja. Na mlichonga barabara mpaka kanisani, sawa, mnaipita mkija Krismasi. Zahanati mbona hamkuifikiria? Hamna baya moyoni, nalijua hilo, ila mnaona kijiji kwa siku kumi za sikukuu na mnatengeneza kile mnachokiona siku hizo kumi.

Kwa hiyo wakisema viti vitano vya watu wa Dar, nakuambia ukweli, mimi ningenyoosha mkono kukataa. Na aliyekuambia kaa chini mbele ya watoto alikosea, hilo nalo naliona.

Noah_ya_Kibosho:

Mama kaongea ukweli mtupu. Mi nabeba abiria hiyo njia kila siku, maboma mengi yamebaki bibi na mjukuu.

Mtendaji_Zamani:

Nimekuwa mtendaji wa kijiji miaka 14, Hai na baadae Siha, nimestaafu. Naomba nieleze sheria inavyosema maana hapa wengi wanagombana na kivuli.

Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, ya 1982 inasema mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote wa kawaida wa kijiji wenye miaka 18 na kuendelea. Neno ni mkazi, halijataja mzawa wala mchangiaji. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 mpaka 25, wanachaguliwa na hao hao wakazi, ndio ule uchaguzi wa 27 Novemba 2024. Kwa hiyo hivyo viti vitano mnavyodai hakuna mwenyekiti mwenye uwezo wa kuwapa hata kama anawapenda. Kinachowezekana, na mimi nilikuwa nakifanya, ni kamati ya ujenzi au ya mradi, pale kijiji kinaweka watu wa nje ambao ni mainjinia, wahasibu, wanatoa ushauri na wanaona vitabu. Na mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Yasomwe kwa sauti na yabandikwe ubaoni. Hapo hata mtu wa Dar anaweza kupiga picha ubao akatuma kwenye grupu.

Sasa kwenye kufuli. Kaka Mfongo, nadhani unamlaumu mtu ambaye hana ufunguo. Toka Sheria ya maji ya 2019 na RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, kuanza Julai mwaka huo, miradi ya maji vijijini iko chini ya vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii, vimesajiliwa, vinasimamiwa na RUWASA wilayani, na mara nyingi chombo kimoja kinabeba vijiji kadhaa. Serikali ya kijiji haikusanyi hela ya ndoo tena. Kwa hiyo mwenyekiti aliyekukalisha chini, inawezekana sana na yeye mama yake anachota kwenye mfongo. Angalia na barabara, 2017 TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ikaanzishwa, barabara za wilaya zikatoka mikononi mwa halmashauri. Kodi ya majengo ilikuwa ya halmashauri ikaenda TRA, 2021 ikaanza kukatwa kwenye LUKU ya umeme. Sisemi kila kitu hapo ni kibaya, kuna halmashauri zilikuwa zinakula hela za barabara bila aibu, nimeona kwa macho yangu. Ila ukweli ni kwamba kijiji chenyewe kimebakiwa na maamuzi machache mno, na nyie na wakazi mnagombania hayo machache.

Mwalimu_wa_Machame:

Nimesoma yote. Mtendaji umesema vizuri sana.

Niongeze historia maana naona vijana wanasema "turudi kama zamani" na wengi zamani yenyewe hawajaambiwa. Ni kweli Kilimanjaro ilijiendesha kwa kiasi kikubwa. Wakulima wa kahawa walianzisha chama chao 1925, KNPA, akiongoza mzee Joseph Merinyo, na 1933 ikaja KNCU, chama cha ushirika. Kahawa ndiyo iliyolipa, kulikuwa na ushuru wa kahawa, kulikuwa na Baraza la Wachagga, na vijana wakapelekwa nje kusoma. Mangi Mkuu, yaani chifu mkuu wa Wachagga wote, Thomas Marealle alichaguliwa 1951, na mwaka 1957 alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kule New York.

Lakini hamjasimuliwa upande wa pili. Ni Wachagga wenyewe walioamua 1960 kwa kura kwamba hawataki tena Mangi Mkuu wa namna ile, wanataka rais wa kuchaguliwa, akaingia Solomon Eliufoo. Ugomvi ulikuwa nini? Kwamba mkubwa yuko mbali na watu, anazungukwa na wenye uwezo, mwananchi wa kawaida hasikilizwi. Mimi nilikuwa mtoto lakini nakumbuka baba yangu na ndugu yake wa tumbo moja hawakunywa mbege kibuyu kimoja mwaka mzima kwa ajili ya hilo. Baadae 1963 uchifu ukafutwa nchi nzima. 1972 halmashauri za wilaya zikafutwa, 1976 vyama vya ushirika vikafutwa na KNCU ikaondoka nayo, mkulima akawa anapeleka kahawa kwa mamlaka ya serikali. Vikarudi miaka ya 80, halmashauri na ushirika wote 1984, lakini kahawa ilikuwa imeshuka bei na watu wameshaanza kuondoka.

Hapo ndipo wahamiaji mnapoingia. Sensa ya 2012 ilituhesabu kama milioni 1.64 mkoa mzima, ya 2022 ikawa kama milioni 1.86. Nchi nzima ilitoka milioni 44.9 ikafika 61.7. Nyie ndio tofauti iliyopo katikati. Kihamba hakigawanyiki milele, mtoto wa kwanza na wa mwisho wanabaki na ardhi, wa katikati anabeba begi. Kwa hiyo mzawa aliye Dar hakukimbia, alisukumwa na udogo wa shamba, na huyo naye ana haki ya kuumia na kwao. Nawaomba wakazi mlione hilo.

Ila mkisema mkoa ujitawale, muulizane kwanza utatawaliwa na nani. Na wa Dar wenye hela, au na mama wa kitongoji cha chini ambaye bomba halikumfikia?

Mmeru_wa_Usa:

Shikamoo mwalimu. Mimi niko huku Arusha, Usa River, naleta mfano wa kwetu kidogo. Mwaka 1951 wakoloni waliwafukuza Wameru Engare Nanyuki, watu kama elfu tatu, nyumba zikachomwa, ardhi wapewe masetla. Wazee wetu walifanya nini? Walichanga. Mkulima wa kahawa akatoa, mfugaji akauza ng'ombe, na hela ile ikampeleka Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa 1952. Babu yangu alitoa mbuzi mmoja, mpaka anakufa alikuwa anasema mbuzi wangu alipanda ndege.

Ninachotaka kusema, ule mchango haukununua kiti cha mtu. Waliochanga walimtuma mtu akawasemee wote mahali ambapo wao hawawezi kufika. Nyie mlioko Dar na Dodoma mko karibu na wizara, karibu na waandishi wa habari, kuna ndugu zenu wanasheria, wengine wako bungeni Dodoma. Sasa mbona mnataka nguvu zenu zote ziende kushindana na mwenyekiti wa kijiji? Nendeni mkaulize huko juu kwa nini mradi ambao wananchi wamejenga kwa jasho lao unakabidhiwa kwa chombo na kijiji hakibaki na hata neno kwenye bei ya ndoo. Hiyo kazi mama yako hawezi kuifanya ila wewe unaweza.

Nawasikia pia wanaosema Kenya wana majimbo. Kweli, katiba yao ya 2010 imeweka kaunti 47 na asilimia isiyopungua 15 ya mapato inashuka huko. Mi navuka Namanga mara kwa mara kwa biashara ya nguo, nimeona zahanati za kaunti zinafanya kazi na nimeona pia gavana amezungukwa na walinzi kuliko waziri wetu. Kushusha madaraka ni jambo jema naliunga mkono, ila yashuke mpaka kwenye bomba, yasiishie kwenye ofisi nyingine mpya.

Niko_Mbali:

Naandika kutoka Marekani, Minnesota, huku saa tisa usiku nimetoka shifti. Mimi ni mmoja wa wale "wachache wa nje" kwenye magrupu kama hilo la kaka Mfongo, la kwetu ni la upande wa Rombo.

Nyie wa Dar angalau mkiamua kurudi kesho mnakuwa wakazi. Mimi nilichukua uraia wa huku 2016 kwa sababu ya kazi na watoto, na kwa sheria yetu ya uraia ya 1995 siku ile ile nikaacha kuwa Mtanzania. Kihamba ambacho baba yangu na babu wamezikwa, kisheria sikuweza tena kukimiliki, ardhi ya kijiji ni ya raia. Tulipigania uraia pacha wakati wa Tume ya Warioba ya katiba mpya, hatukupata, baadae ikaja habari ya hadhi maalumu na nashukuru, lakini hadhi haina kura. Natuma dola 100 kila mwezi, Desemba natuma 300. Huwa nawaza, nikifa watanizika wapi.

Nilikuwa mkali sana kwenye grupu letu, nilikuwa wa kwanza kusema hakuna kura hakuna hela. Halafu mwaka juzi shangazi yangu akanipigia video akiwa zahanati, nikamuona mkunga anamulika na tochi ya simu mtoto anazaliwa, umeme umekatika. Tulikuwa tumesitisha mchango wa sola miezi mitano kwa sababu ya ugomvi na mwenyekiti. Miezi mitano. Mtoto alipona, lakini toka siku hiyo sijawahi kutamka tena neno kusitisha.

Dada yangu wa Migombani, swali lako la aliamua nani vituo vikae wapi nimelituma kwenye grupu letu kama lilivyo. Wameanza kujibizana.

Mfongo_wa_Juu:

Nimesoma mara mbili mbili, nikampigia mama yangu nikamsomea alichoandika dada wa Migombani, akakaa kimya halafu akasema "huyo mama anaishi hapa kwetu?" Nikamwambia hapana mama, ila ni kama anaishi.

Nimetoa lile boksi la risiti jana usiku nikachukua na ramani ya mradi aliyotuchorea fundi 2018. Nimehesabu vituo. 11, na tisa viko kwenye boma au karibu na boma la mwanagrupu. Kitongoji cha chini hakuna hata kimoja. Mimi ndio nilisaini hiyo ramani, na kituo cha mita 60 kutoka kwa mama yangu ni mimi niliyekiomba. Sikuwa na nia mbaya, nilijua mama amezeeka, lakini hatukuitisha mkutano wowote wa kijiji kuuliza watu, tuliamulia kwenye grupu usiku mmoja kwa meseji.

Mtendaji nimefuata ushauri wako nikampigia mtu wa chombo cha maji. Kufuli ni kweli halihusiani na kijiji, muuza maji wa kile kituo aliacha kazi kwa kutolipwa na hajapatikana mwingine, na bei ya ndoo imepangwa huko huko juu. Kwa hiyo nilimshambulia mwenyekiti mbele ya watu kwa jambo lisilo lake, ndio maana na yeye akaniambia kaa chini.

Nimeandikia grupu hivi, mchango usisitishwe, habari ya viti vitano ife. Tuombe tusikilizwe kwenye mkutano mkuu ujao kama wageni waalikwa, tusome hesabu zote toka 2014, halafu tuwaachie wakazi waseme vituo viwili vya nyongeza vikae wapi, na vikikaa kitongoji cha chini vyote sawa. Wanasheria wetu watatu waandike barua ya kijiji, isainiwe na mwenyekiti mwenyewe, kuuliza kwa nini waliojenga mradi hawana neno kwenye bei na kwenye ajira ya muuza maji. Tukienda wizarani tuende na yeye, nauli tunalipa sisi. Watu 31 wamekubali, kumi na kitu wamekasirika wawili wametoka kwenye grupu. Yule anayetaka mkoa ujitawale bado anasema tunajidanganya, kwamba bila hela na sheria kubaki huku chini barua itakaa kabatini, na sina uhakika kama amekosea.

Mwalimu, naomba kuuliza, kwa mwenyekiti niende vipi? Yeye ni mkubwa kwangu na ni ukoo wa mama.

Mwalimu_wa_Machame:

Nenda na isale mwanangu, lile jani letu la kuombea msamaha. Moja tu, bichi, umelifunga fundo. Usiende na maneno mengi, na usiende na hela siku hiyo. Mpe na mikono miwili, ukae upewe mbege, ndio uongee.

Mama_wa_Migombani:

Aika, asante kaka. Ungekuwa wa kwetu ningekuambia hivi, usingoje Desemba. Njoo Machi kabla masika hayajashika, msaragambo wa kuzibua mfongo huwa Jumamosi asubuhi, saa moja watu wako juu tayari. Jembe utakopeshwa ila viatu vya mpira njoo navyo.

Mfongo_wa_Juu:

Nimeandika tarehe. Nakuja na kijana wangu mkubwa.